Kijivu cha Kuazima

Ipo kauli inayorudiwa mno siku hizi, ati mwanafunzi wa uchoraji akimfuata mchoraji aliye hai, basi ameiba. Kauli hiyo si ya haki, na sisi walimu wa lugha ndio tuliopaswa kuipinga kwanza. Malenga wangapi wamejibizana kwa vina na mizani vile vile, hata kituo kikawa kimoja, wala hakuna aliyeitwa mwizi? Anayechekwa ni yule aliyejibu bila ya kuwa na neno.

Lakini wafuasi nao wana lawama yao. Amy Sherald, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1973, ndiye aliyechora picha ya Michelle Obama iliyozinduliwa Washington mwezi Februari 2018. Watu wake huvaa nguo za rangi kali, ila ngozi zao ni za kijivu. Vijana wetu wanaochora sura za watu wamekipenda kijivu hicho, na sasa bibi zao, wachuuzi wa ndizi na wapagazi wa sokoni, wote wamepakwa majivu. Ukiwauliza sababu, hujibu: "Ndivyo afanyavyo Sherald." La hasha, hilo si jibu! Sherald anayo sababu. Kwao rangi ya ngozi husomwa kabla ya mtu mwenyewe. Naye ameiondoa ili tulazimike kumtazama mtu, mkao wake, vazi lake, na macho yanayotukabili bila ya kuomba radhi.

Sasa tulilete jambo hili kwetu Rwanda. Nani hapa hushangazwa na weusi? Kilichosomwa hapa kabla ya mtu kilikuwa pua na kimo. Vitambulisho viliandikwa kabila tangu miaka ya 1930, na kabila halikufutwa humo ila baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mchoraji wa hapa anayemfuata Sherald kwa kweli na ajiulize: nichore vipi uso usiogeuka kuwa kitambulisho? Swali hilo ni zito, na kijivu hakilijibu.

Wala tusiwacheke vijana peke yao. Nani aliyewakaririsha insha za mfano, wakabadilisha jina la kijiji tu, akawapa alama kumi kwa kumi? Mwanafunzi akileta picha, tumtake kwanza aandike nusu ukurasa kwa Kiswahili chake: amechukua nini, kwa nani, kwa haja gani. Asiye na la kuandika, arudishiwe picha yake.