Joto la nyumbani New York: Sheria ipo, mzigo ungali wa mpangaji

Kila ifikapo Oktoba 1, wamiliki wa nyumba za kupangisha katika jiji la New York, nchini Marekani, huingia katika kipindi ambacho sheria huwalazimisha kuwapatia wapangaji wao joto. Kipindi hicho huendelea hadi Mei 31. Kwa maandishi, sheria hiyo haina utata. Kwa vitendo, mpangaji anayesubiri siku hiyo ndipo aanze kudai matengenezo mara nyingi huwa amekwisha kuchelewa.

Kwa msomaji aliyezoea nchi zisizo na theluji, yafaa kueleza kwanza jinsi nyumba hizo zinavyopashwa joto. Katika majengo mengi ya zamani ya New York, mpangaji hana swichi ya kuwasha wala kuzima joto. Boila moja kubwa, iliyofungwa chini kabisa ya jengo, huchoma mafuta au gesi. Mvuke au maji ya moto hupanda kwa mabomba hadi kwenye rejeta za chuma zilizosimamishwa kando ya kuta vyumbani, na gharama yake imo ndani ya kodi ya kila mwezi. Mwenye nyumba amekwisha kupokea fedha hizo, kwa hiyo mafuta asiyoyachoma ni akiba yake.

Ndiyo maana jiji liliamua kuweka viwango. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, joto la nje likishuka chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, yaani kama 13 za Selsiasi, ndani ya nyumba lazima lifikie angalau nyuzi 68, sawa na 20 za Selsiasi. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kiwango cha chini ndani ni nyuzi 62, karibu 17 za Selsiasi, hali ya nje iwe iwavyo. Kukosekana kwa joto huhesabiwa kuwa kosa la daraja la juu la hatari, linalopaswa kurekebishwa ndani ya saa 24, na faini yake huhesabiwa kwa siku.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba unapima hewa ya chumbani, haupimi mtambo. Mwezi Septemba boila inaweza kuwa imekufa kabisa na vali za rejeta zimeshikwa kutu, lakini kosa la kunyima joto halijatendeka, kwa sababu msimu haujafika na chumba bado kina joto la jua. Mwenye nyumba anayejua hivyo hana haraka. Fundi ataitwa baridi itakapobana, wakati ambapo mafundi wote wa jiji wanaitwa kwa pamoja na vipuri vya mitambo ya zamani havipatikani kwa siku moja.

Ukaguzi wa kila mwaka wa boila, ambao ni wa lazima kwa majengo ya makazi yenye familia sita au zaidi, ungetarajiwa kuziba pengo hilo. Lakini mwaka wa ukaguzi huo ni wa kalenda, Januari hadi Desemba. Mmiliki anaweza kutimiza wajibu wake katikati ya Desemba, miezi miwili na nusu baada ya msimu wa joto kuanza, na asiwe amevunja kanuni yoyote.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo wapangaji wengi hulipuuza. Maji ya moto bombani ni haki ya mwaka mzima, Agosti kama Januari. Katika majengo mengi boila ileile ndiyo inayochemsha maji hayo na kupasha vyumba joto. Bomba linapotoa maji vuguvugu kiangazi kwa wiki nzima, hiyo ni dalili ya mapema ya kitakachotokea baadaye, na vilevile ni kosa linaloweza kuripotiwa papo hapo. Malalamiko ya namna hiyo humleta mkaguzi kabla ya baridi kuingia.

Njia ya kulalamika ni simu namba 311, inayopokelewa saa zote. Malalamiko hupelekwa kwa idara ya jiji inayosimamia nyumba, ambayo humpigia mwenye nyumba, kisha hutuma mkaguzi mwenye kipimajoto. Mmiliki akikaidi, idara inaweza kuleta mafundi wake na kumtoza gharama, na gharama hizo zisipolipwa hugeuka deni lililofungwa kwenye jengo lenyewe. Ni nguvu kubwa ambayo miji mingi duniani haina.

Lakini mpangaji anayeshinda kazini mchana kutwa hayupo nyumbani mkaguzi anapobisha hodi. Mlango usipofunguliwa, hakuna kipimo, na pasipo kipimo hakuna kosa linaloandikwa. Wako pia wamiliki wanaowasha boila saa chache tu baada ya kupigiwa simu, mkaguzi akafika akakuta chumba kina joto la kawaida, na baada ya siku mbili rejeta zikarudi kuwa baridi kama jiwe. Mnamo Januari 2023, Mdhibiti wa Fedha wa jiji wakati huo, Brad Lander, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba malalamiko ya joto yalikuwa yakijirudia katika majengo yaleyale mwaka hadi mwaka, na kwamba baadhi ya majengo hayo hayakuwa yamechukuliwa hatua yoyote.

Mpangaji aliyekata tamaa hununua hita ya umeme. Januari 9, 2022, hita ya namna hiyo ilizusha moto katika jengo la ghorofa 19 mtaani Bronx. Mlango wa nyumba ulikoanzia moto haukujifunga, moshi ukapanda ngazi hadi juu. Watu 17 walikufa, 8 kati yao wakiwa watoto, na wengi wa waliofiwa walikuwa wahamiaji wenye asili ya Gambia. Maofisa walisema joto la jengo lilikuwa likifanya kazi na kwamba hita ilikuwa ya nyongeza tu. Baadhi ya wakazi, kwa upande wao, waliwaambia waandishi wa habari kwamba baridi katika jengo hilo haikuwa jambo geni. Mwaka huohuo halmashauri ya jiji ilipitisha sheria kuhusu milango inayojifunga yenyewe na kuhusu usalama wa hita zinazouzwa. Zilihitajika, ila hazikugusa sababu ya mtu kuhitaji hita ndani ya nyumba ambayo kodi yake tayari inalipia joto.

Wanaofanikiwa kupata matengenezo mapema ni wale wanaojenga ushahidi kabla ya kuuhitaji. Humwandikia mwenye nyumba barua yenye tarehe na kubaki na nakala; hupiga picha rejeta inayovuja; hununua kipimajoto cha bei ndogo na kuandika daftarini vipimo vya asubuhi na usiku. Muhimu zaidi, huenda pamoja. Mpangaji mmoja analalamika juu ya rejeta yake, lakini wapangaji 20 wanalalamika juu ya boila.

Mahakama ya nyumba nayo ipo, na hapo ndipo pengo la Septemba linapoweza kuzibwa. Mpangaji anaweza kufungua shauri la kudai matengenezo wakati wowote wa mwaka. Ada yake ni dola 45, na asiyeweza kulipa huomba asamehewe. Hakimu huweza kuagiza ukaguzi ufanyike na kumpa mmiliki tarehe ya mwisho ya kukamilisha kazi.

Silaha ya kodi ni kali zaidi, na ni ya kushikwa kwa uangalifu. Tangu mwaka 1975 sheria ya jimbo inasema kila mkataba wa upangaji una ahadi kwamba nyumba itafaa kuishi, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa. Hivyo hakimu anaweza kupunguza kodi ya miezi ya baridi. Mpangaji wa Dar es Salaam aliyekwisha kulipa miezi sita mbele hana cha kuzuia. Wa New York hulipa kwa mwezi, kwa hiyo anacho. Lakini anayezuia kodi hukaribisha kesi ya kudaiwa, naye asiyekuwa ameiweka kando fedha hiyo anaweza kujikuta nje.

Hofu hiyo ya kufukuzwa ndiyo huwanyamazisha wengi, hasa wahamiaji wasio na vibali, ijapokuwa haki ya joto haitegemei hati za ukaazi. Tangu mwaka 2019, mwenye nyumba anayejaribu kumwondoa mpangaji ndani ya mwaka mmoja baada ya malalamiko ya kweli huchukuliwa kuwa analipiza kisasi, mpaka athibitishe vinginevyo.

Sheria nyingine, ya mwaka 2020, iliagiza majengo teule yenye historia ya makosa yafungwe vifaa vya kurekodi joto vyumbani mchana na usiku. Vifaa hivyo havihitaji mtu wa kufungua mlango, wala havidanganywi na boila iliyowashwa kwa saa mbili. Lakini navyo hupima hewa. Boila iliyokufa Septemba haionekani humo hadi usiku wa kwanza wa baridi.