Rekodi za wagonjwa zahitaji fundi wa kudumu, si mfadhili

MTEGEMEA cha nduguye hufa maskini, walinena wahenga. Methali hiyo iliwagusa wahudumu wa afya nchini Januari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alipoamuru misaada ya kigeni isimamishwe kwa siku 90.

Kilio kilichosikika zaidi kilihusu dawa. Hata hivyo, palikuwa na pengo lingine lisiloonekana kwa urahisi. Wataalamu wengi wa tarakilishi waliotunza rekodi za wagonjwa walilipwa kwa fedha hizo hizo.

Rekodi hizo, hasa za wanaoishi na virusi vya Ukimwi, huhifadhiwa katika mamia ya vituo vya afya kwa mfumo uitwao KenyaEMR. Wizara ya Afya iliuanzisha mwaka wa 2012 kwa usaidizi wa shirika la I-TECH. Msingi wake ni OpenMRS, programu huria iliyobuniwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret 2006.

OpenMRS ni kama chesi ya matatu: mwili, viti na taa hufungwa na mafundi wa hapa. Fomu za kliniki, matokeo ya maabara na orodha ya dawa huongezwa kwa vipande vya programu viitwavyo moduli. Msingi ukibadilishwa, huenda baadhi ya moduli zikahitaji kurekebishwa ziambatane nao. Wizara ikibadilisha matibabu, kama ilivyokuwa dawa ya dolutegravir ilipoingia 2017 na 2018, moduli nazo hazina budi kufuata.

Tuseme mama anayechukua dawa Ruiru amelazwa ghafla katika Hospitali ya Thika Level 5. Daktari ataka kujua kiwango cha virusi mwilini mwake kilipopimwa mara ya mwisho. Ikiwa moduli ya maabara imekwama na hakuna wa kuikarabati, karani atarudi kupekua faili za karatasi, na daktari atapima upya au kukisia. Anayeumia ni mgonjwa.

Wapo wanaodai kuwa dawa ya tatizo hili ni kununua mfumo uliokamilika. Serikali ilifuata njia hiyo kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyoanza kazi Oktoba 2024, kwa mkataba wa Sh104.8 bilioni na muungano wa kampuni ikiwemo Safaricom. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilifichua kuwa Serikali haimiliki mfumo huo.

Programu huria haina kasoro hiyo. Yeyote anaruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuirekebisha bila kumwomba mtu idhini. Lakini ruhusa si kazi. Programu isiyolipiwa leseni bado yahitaji mtu wa kulipwa mshahara ili aitunze, na hapo ndipo tulipoteleza kwa kumwachia mfadhili gharama hiyo.

Mafundi hawako mbali. Kati ya miji hii miwili, mjini Juja, kipo Chuo Kikuu cha JKUAT. Zetech kiko Ruiru, na Mount Kenya kiko Thika. OpenMRS imeandikwa kwa Java, lugha ya programu ambayo wanafunzi wengi wa tarakilishi huisoma. Kinachokosekana ni nafasi za kazi za kudumu.

Bila shaka Kaunti ya Kiambu, ambayo madaktari wake waligoma kwa takriban miezi mitano mwaka wa 2025, itasema hazina ni tupu. Hoja hiyo ina uzito, kwani tarakilishi haitibu pasipo daktari. Lakini daktari naye hutibu vyema akijua historia ya mgonjwa, na mishahara ya mafundi wachache ni mzigo mdogo ukilinganishwa na ule mkataba wa mabilioni.

Dereva mwerevu wa matatu hangoji gari likwame Githurai ndipo aanze kutafuta fundi. Kaunti na Wizara zafaa kutenga fedha za mafundi hao katika bajeti, kabla ya mfadhili mwingine kubadili nia.