Kizuri Hakijiuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli sokoni; kwenye kanzidata za programu huria si kweli, na imani hiyo inawaponza watu. Mafundi wengi wana hoja moja tu: "Hii inatumiwa na wengi, basi ndiyo bora." Sikubali.

Tazama MySQL, iliyoanzia Sweden mwaka 1995. Matoleo yake ya awali yalipokea tarehe 31 Februari bila kunung'unika. Ukiyaagiza yahakikishe kila malipo yana mteja wake, yaliitikia agizo kisha yakalipuuza. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha fedha, akaunti ya kwanza ilikatwa, ya pili ikabaki mikono mitupu. PostgreSQL, iliyotokana na utafiti ulioanza Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, ilikuwa imeyamudu yote hayo ilipofika mwaka 2000. Iliyoenea ni ipi? MySQL.

Ilikuwa na kasi katika kusoma kurasa nyepesi, hilo siibishi. Lakini kilichoibeba zaidi ni wepesi wa siku ya kwanza na wenza ilioandamana nao. Ilikubali Windows mapema. PostgreSQL ilifika huko kikamilifu mwaka 2005. Kampuni za kupangisha seva ziliiweka tayari pamoja na PHP, na WordPress ilipotoka mwaka 2003 ikaitegemea. Aliyetaka tovuti ya bei nafuu hakuichagua kanzidata, aliikuta.

Ubora ungekuwa ndio unaoamua, mwaka 2010 MySQL ingezidi kupendwa, maana ndipo ilipoifanya InnoDB, inayolinda miamala, kuwa injini yake ya kawaida. Badala yake wengi waliitilia shaka, kwa kuwa mwaka huohuo iliangukia mikononi mwa Oracle. PostgreSQL, isiyomilikiwa na kampuni yoyote, ikazidi kuaminiwa.

Utaniambia kwamba penye watumiaji wengi, msaada hupatikana upesi. Kweli. Lakini hayo ni matunda ya umaarufu, si ushahidi wa ubora.

Kwa hiyo wewe unayejenga mfumo wa SACCOS au zahanati, usianze kwa kuuliza wangapi wanaitumia. Iandikie tarehe ya uongo. Izimie umeme katikati ya malipo, kisha uhesabu kilichobaki. Akiba ya mwanachama ikipotea, umaarufu hautairudisha.