Kuwashwa Kumekwisha, Ugonjwa Upo

Nina ugomvi na tyubu moja ndogo ya dawa ya kupaka. Tyubu hiyo utaikuta katika maduka mengi ya dawa hapa kwetu Kigoma, na sina shaka hata huko ulipo wewe ipo. Ukienda na choa utapewa hiyo. Ukienda na fangasi za vidoleni utapewa hiyo hiyo. Upele, joto, mapunye, hata chunusi, jibu ni moja. Dawa inayotibu kila kitu yatupasa kuiogopa.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana natupia wengine mawe. Binti wa marehemu kaka yangu, akiwa na miaka saba, alitoka mapunye utosini. Kwetu Ujiji mapunye si habari. Mimi mwenyewe utotoni nilisuguliwa kichwa kwa gunzi la hindi na ndimu hadi nikatoka damu. Basi nikajiona shangazi wa kisasa, nikalikataa gunzi na kwenda dukani. Kijana wa duka hakutaka hata kumwona mtoto. "Mama, mpake hii asubuhi na jioni, ndiyo kiboko yake." Nikalipa.

Siku ya tatu muwasho ulikoma. Nikaisifia dawa kwa majirani wote. Wiki ya tano kichwa kilivimba, kikawa laini kama embe lililoiva kupita kiasi, usaha ukatoka, nywele zikawa zinang'oka kwa kuguswa tu. Jirani akasema ni jipu, lipasuliwe. Bahati njema tulimpata mganga aliyesomea magonjwa ya ngozi, akasema lisipasuliwe hata kidogo: ule uvimbe ni mwili unaopigana na fangasi, na kisu kingeongeza kovu tu. Akachukua magamba na vinyweleo vilivyokatika, akavitazama kwa hadubini. Kisha akaniomba tyubu yangu, akanisomea yaliyoandikwa ubavuni kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa.

Mle ndani mlikuwa na dawa tatu. Ya kwanza, klotrimazoli, ni dawa halali ya fangasi. Ya pili ni antibiotiki, ambayo huua bakteria na haina habari na fangasi. Ya tatu ni steroidi kali. Steroidi hutuliza wekundu na muwasho kwa kuwanyamazisha askari wa mwili walioko ngozini. Naam, kelele zinakwisha, lakini mwizi yumo ndani na mlinzi amelazwa usingizi. Ndiyo maana mgonjwa hufurahi, na fangasi nayo hufurahi.

Tena, hata hiyo klotrimazoli peke yake isingetosha kichwani. Fangasi ya mapunye huingia ndani ya unywele hadi kwenye shina, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Mapunye yanataka dawa ya kumeza. Griseofulvini, iliyopatikana kutoka katika ukungu mwaka 1939 na kuanza kutibu watu mwaka 1958, huingia katika unywele mpya unapoota na kuizuia fangasi isiendelee. Unywele wa zamani lazima uote utoke. Kwa sababu hiyo dozi huchukua wiki sita hadi nane, nayo hupimwa kwa uzito wa mtoto. Ipo pia terbinafini, ambayo mara nyingi huhitaji muda mfupi zaidi. Griseofulvini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Sisi watu wa migebuka na mawese tunashindwa nini hapo?

Wenye maduka watanijibu kwamba mteja ndiye anayetaka haraka. Ni kweli, tunataka haraka, nami nilitaka. Lakini mvuvi akija kwa fundi akitaka mtumbwi wake uzibwe kwa udongo kwa kuwa ana haraka ya kuingia ziwani, fundi mwaminifu atakataa. Muuza dawa naye ni fundi. Watasema pia kwamba wananchi ni maskini. Hapo ndipo ninapokasirika hasa. Choa cha mwilini hupona kwa mafuta ya Whitfield, dawa ya zamani na ya bei ndogo, au kwa klotrimazoli tupu, mradi mtu apake wiki kadhaa na asiache siku ile alama inapofifia. Maskini huuziwa mchanganyiko, kisha mchanganyiko wa pili, kisha wa tatu. Huo ndio ughali.

Na madhara hayaishii kwa mtoto mmoja. Nchini India michanganyiko ya namna hii iliuzwa ovyo kwa miaka mingi, na leo madaktari wa huko wanahangaika na vyoa sugu visivyosikia hata terbinafini. Mabingwa wengi wanaitaja tabia hiyo kuwa sababu mojawapo. Je, tungoje hadi yafike huku?

Kwa hiyo nasema: muuza dawa, usimpe mtu steroidi kwa ugonjwa usioujua. Mzazi, mwenye duka akikupa tyubu, muulize ndani mna nini, na mapunye yakionekana mpeleke mtoto zahanati. Nanyi mnaoagiza dawa za zahanati, hivyo vidonge viwepo, maana ushauri bila dawa ni hadithi.

Binti yetu alimeza vidonge wiki nane, akapona. Lakini utosini limebaki duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, ambapo nywele hazitaota tena. Kila asubuhi kabla ya shule hunipa kitana, akaniambia, "Shangazi, zifunike vizuri." Nazifunika. Gunzi la bibi lilinitoa damu, lakini nywele zangu zote ninazo.