Vyama vishirikiane seva, ila isiwe moja

Mkulima wa Kibosho, Marangu au Machame akishapima kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi, kinachomlinda hadi siku ya malipo ni kumbukumbu. Zamani zilikaa kwenye leja. Siku hizi zinahamia kwenye kompyuta. Kwa hiyo suala la seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu na kuhudumia nyingine, linamhusu mkulima pia.

Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi, na hesabu za vyama zikazidi uzito. Hata hivyo, kila chama kununua seva yake ni kupoteza fedha, kwani msimu ukiisha itakaa karibu bila kazi. Ipo programu inayoigawa seva moja ikawa kama kompyuta kadhaa, ziitwazo kompyuta pepe. Kila chama kinapata yake, na hesabu zake hazichanganyiki na za jirani.

Wazo hili si geni Kilimanjaro. KNCU ilianzishwa mwaka 1933 kwa msingi huohuo wa wadogo kuchangia chombo kimoja. Mfongo nao hunywesha vihamba vingi kwa zamu. Lakini mfongo ukibomoka, vihamba vyote hukauka. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu ukaunguza seva ya pamoja, vyama vyote husimama siku moja.

Ushauri wangu ni huu. Mosi, seva ziwe angalau mbili, na data zinakiliwe kutoka moja hadi nyingine, ili moja ikiharibika kompyuta pepe ziwashwe kwenye ile nzima. Pili, zisijazwe. Zikiwa mbili, kazi zote kwa jumla zisizidi uwezo wa moja. Seva iliyojaa haiwezi kubeba mzigo wa mwenzake. Tatu, nakala nyingine itunzwe mbali na seva hizo, kwa sababu kosa la karani au virusi hunakiliwa pia. Nakala hiyo ijaribiwe kabla ya msimu. Nne, nywila kuu zisiwe mikononi mwa mtu mmoja.

Seva mbili ni ghali kuliko moja, lakini ni nafuu kuliko kila chama kuwa na yake. Wanachama, kwenye mkutano mkuu ulizeni viongozi: mtambo ukizimika leo, kesho tutalipwa kwa kumbukumbu zipi?