Vita Navyo Huzeesha

Wanaoandika kwamba utafiti wa uzee ni mchezo wa matajiri wa California, usiomhusu mkimbizi wa Kibua, Walikale, mashariki mwa Kongo, wanamtetea kwa kumsahau. Mwaka 2012 timu ya mtafiti Connie Mulligan ilichapisha matokeo ya akina mama 25 na vichanga vyao, hukohuko mashariki mwa Kongo: mateso ya vita yalipozidi kwa mama, alama za kikemikali kwenye jeni ya NR3C1, inayosaidia mwili kukabili msongo, ziliongezeka kwa mtoto, na uzito wa kuzaliwa ukapungua. Alama za namna hiyohiyo, kwingineko kwenye jenomu, ndizo mtafiti Steve Horvath alizotumia mwaka 2013 kukadiria umri wa seli, kama saa ya uzee.

Watasema 25 ni wachache, na jeni moja si saa ya uzee. Kweli kabisa, basi wapimwe wengi zaidi, daftari lisifungwe. Watasema amani itangulie. Nani anapinga? Ila bunduki zikinyamaza kesho, waliozaliwa chini ya milio yake wataendelea kuzeeka, na vipimo vya wazee wa Ulaya peke yao havitamwambia daktari wa Walikale atarajie nini.