Stima Imfuate Mtu, Isifuate Mita

Ukihamia nyumba ya kupanga hapa Kenya, gesi haina maneno. Mtungi wa kilo 6 au wa kilo 13 ni wako. Unaupakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro na sufuria, unafika, unafunga mpira, unachemsha chai. Gesi ikiisha unapeleka mtungi mtupu dukani na kurudi na uliojaa. Hakuna anayekuuliza aliyekaa nyumba hiyo kabla yako alikuwa akipika nini.

Stima ni kinyume kabisa. Unaikuta mita ukutani na nambari yake, na nyuma ya nambari hiyo kuna akaunti yenye jina la mtu ambaye pengine hutamwona maishani. Msimamizi wa ploti anakuandikia nambari kwenye kipande cha karatasi na kukuambia, "Wewe nunua tu." Basi unanunua: M-Pesa, Lipa Bili, nambari ya biashara 888880, nambari ya mita mahali pa akaunti. Tokeni ya tarakimu 20 inaingia kwenye simu, unaibonyeza, taa inawaka. Wengi huona mambo yameishia hapo.

Mimi nasema ndipo yanapoanzia.

Kazi yangu ni kuandika programu, na ugonjwa huu naujua. Ni hifadhidata iliyochanganya vitu vitatu tofauti: mita, nyumba na mtu. Mita ni chombo. Nyumba ni mahali. Mtu ndiye anayelipa, na mtu huhama. Mfumo ukimhesabu mtu kana kwamba ni sehemu ya ukuta, kila anayehama atalipia maisha ya mwingine. Tazama inavyokuwa.

Kwanza, bei. Bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, kwa idhini ya EPRA, ziliwagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kundi la chini hulipa bei nafuu zaidi kwa kila yuniti, la juu hulipa ghali zaidi. Na kundi lako hupatikana kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Matumizi ya nani? Ya mita! Aliyekutangulia alikuwa na friji kubwa, hita ya maji na pasi isiyopoa. Wewe umekuja na balbu mbili na chaja ya simu. Mwezi wako wa kwanza unapimwa kwa hita yake.

Pili, deni. Mita ikiwa na deni, kila ukinunua tokeni sehemu ya pesa zako inakatwa kulilipa. Mfumo hauulizi deni lilianza lini wala ni la nani. Unajua tu kwamba umetuma shilingi 500 na yuniti zilizokuja ni chache kuliko hesabu yako.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, ploti zenye mita moja kubwa. Chukua vyumba kumi, kila kimoja kinatumia yuniti 15 kwa mwezi. Kila mmoja wa watu hawa, angehesabiwa peke yake, yuko kundi la chini kabisa tena kwa mbali. Lakini mita ni moja, na mita hiyo inasoma yuniti 150. Wote kumi wamerushwa kundi la juu, pamoja na mwenye jumba la vyumba vitano na bwawa la kuogelea. Bei nafuu iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao kumi, nao ndio wanaoikosa. Wamenyimwa na hesabu iliyojumlisha mahali pabaya. Na mwenye ploti akiweka mita zake ndogo ndani na kuuza yuniti kwa bei anayoipenda, utaenda kumshtaki wapi nawe jina lako haliko popote?

Sasa nitaambiwa mambo mawili matatu.

Nitaambiwa kuna njia ya kubadilisha jina la akaunti. Hewaa. Lakini ni njia ya mtu aliyenunua nyumba, si ya kijana anayekaa bedsita miezi minane kisha kazi inamhamishia Eldoret. Huduma inayohitaji makaratasi na baraka za mwenye nyumba haijatengenezwa kwa mpangaji.

Nitaambiwa wapangaji watakimbia na madeni. Hofu hiyo ilikuwa na maana enzi za bili ya mwisho wa mwezi, ukiwasha leo na kulipa baadaye. Kwa tokeni, pesa hutangulia na stima hufuata. Nitakimbia na deni gani la stima niliyoilipia kabla ya kuitumia?

Nitaambiwa kitaalamu ni vigumu, mita ni nyingi mno. Hapo ndipo nacheka. Tokeni zetu hufuata kiwango cha STS, ambacho kila tokeni hubeba muda wa kutolewa kwake, uliokuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, na zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyobadilishwa ufunguo ingeanza kukataa tokeni mpya. Je, mafundi walipanda ngazi nyumba hadi nyumba? La. Watu walitumiwa tokeni mbili za ziada, tarakimu 20 na nyingine 20, wakazibonyeza wenyewe kabla ya ile ya stima. Kina mama wa Kayole na wazee wa Kisii walibadilisha funguo za siri za mita zao kwa vidole vyao. Halafu uniambie watu hao hao watashindwa kubonyeza nambari ya kitambulisho?

Na jambo la kumfuata mtu si geni kwetu. Tangu Aprili 2011 unaweza kuhama kampuni ya simu ukabaki na nambari yako. Nambari ilitambuliwa kuwa ya mtu, haikubaki mateka wa mtandao.

Ninachotaka ni kidogo. Mpangaji akiingia, asajili kwa simu vitu vitatu: kitambulisho chake, nambari ya mita, na tarehe. Deni la kabla ya tarehe hiyo libaki kwa mwenye mita. Wastani wa miezi mitatu uwe wa mtu, ahame nao kama anavyohama na mtungi wake wa gesi. Na mita moja yenye wapangaji kumi waliosajiliwa ihesabiwe kama nyumba kumi: yuniti 150 gawa kwa kumi, kila mmoja arudi kundi lake. Kwa mwandika programu hili ni jedwali moja jipya na tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka. Kazi kubwa ni ya kanuni, na kanuni huandikwa na watu.

Mpaka hapo, jilinde. Kabla ya kulipa kodi ya kwanza uliza kama mita ni yako peke yako au ni ya ploti nzima. Piga picha ya nambari ya mita na ya usomaji wake siku unayoingia. Nunua tokeni ndogo ya majaribio na usome ujumbe wote, si tarakimu 20 pekee. Kama kuna kilichokatwa kwa deni, mwenye nyumba akulipe kwanza au akupunguzie kodi. Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Lakini kujilinda si haki. Mpangaji anayelipa stima kabla hajaiona ndiye mteja mwaminifu kuliko wote, naye ndiye asiye na jina kwenye daftari. Aandikwe.